Papasi Katika Pindo la Kanga

Mama yangu hakuwa mchawi. Nalitanguliza hilo ili anayetafuta habari za uchawi aweke karatasi hizi chini akatafute kwingine, maana nimechoka. Miaka yote hii bado wapo watu Chimala, wengine hata hawakuwa wamezaliwa, wanaosema "ile nyumba ya Bi Rukia" huku wakishusha sauti. Pandisheni sauti. Mimi ni Bibie, mwanawe wa pili, nimelala katika nyumba ile tangu nizaliwe, na nitasema kilichokuwamo.

Kilichokuwamo ni papasi.

Kwa wasiowajua: papasi ni jamaa ya kupe, bapa, rangi ya udongo, ngozi imekunjamana. Mchana hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta. Taa ikizimwa hutoka, hukunyonya damu kwa nusu saa hivi, halafu hurudi kwake ameshiba. Humhisi. Asubuhi unakuta kijidoa cha damu mguuni, unajikuna, unaendelea na kazi. Anaweza kukaa miaka bila kula, akikungoja wewe.

Rukia binti Alawi alizaliwa Iringa mjini. Baba yake alikuwa mtu wa Bagamoyo aliyepanda huko na mizigo ya vitambaa, akaoa, akasahau kushuka. Mama aliolewa na Makame, mnunuzi wa mpunga, akateremka naye Chimala, kwenye joto ambalo yeye, mtoto wa baridi, alilitukana mpaka siku ya mwisho. Baba alifariki mwaka wa 1947. Aliacha watoto wawili wa kike, dada yangu Jaha na mimi, na nyumba ya udongo yenye vyumba sita kando ya barabara ya Iringa na Mbeya. Mama akaigeuza nyumba ya wageni. Lori likiharibika, au mto ukijaa, abiria walikuja kwetu. Walipata wali na maharage, maji ya moto ya kuoga, na mkeka safi chini. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na madereva waliojitia ubabe mbele yake walijuta. Kila Alhamisi tulisiriba sakafu kwa samadi na majivu, na ole wako uache kona.

Sasa nieleze habari ya papasi hao walifikaje, kwa sababu hawakuja wenyewe. Mama aliwaleta.

Bibi yetu mzaa baba, aliyekulia huko huko bondeni, ndiye aliyemfundisha. Alimwambia: watu wa nyumba wanaoumwa na papasi wao kila siku hawaugui, lakini mtu akihama akakaa bila wao, siku akikutana nao tena homa itamlaza. Kwa hiyo ukihama, hama nao. Baba alipojenga nyumba ya barabarani, mama alichukua papasi saba kutoka nyumba ya zamani, akawafunga kwenye pindo la kanga, akaenda kuwaachia katika nyufa za nyumba mpya, mmoja kila chumba na wa saba jikoni. Alifanya hivyo kwa moyo safi kabisa, kama mtu anayewachanja wanawe. Na msicheke. Jambo lile lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilituumiza.

Sisi hatukuugua. Wageni ndio waliougua. Mtu alilala kwetu siku mbili, akaenda zake Mbeya, na baada ya wiki moja anatetemeka, kichwa kinapasuka, viungo vinauma. Wawili watatu wangepita tu bila neno, lakini walizidi. Jirani yetu Ikupa, Mnyakyusa aliyeuza ndizi kwenye kituo cha malori, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hadharani.

"Ile nyumba iko na kitu," aliwaambia abiria. "Mgeni anaugua, mwenye nyumba haugui. Watoto wake haugui. Jiulizeni."

Wakajiuliza, na jibu walikuwa nalo tayari. Bi Rukia anawapa wageni maradhi ya wanawe, wanayabeba kwenda nayo mbali. Mama alipopita sokoni wanawake waliwavuta watoto wao pembeni. Yeye alizidi kujinyoosha. "Nimelala sakafu hii miaka kumi na saba," aliwapayukia. "Mwenye ushahidi aje alale, nitampikia!"

Mwaka wa 1955 serikali ilituletea dresa mpya, msaidizi wa tabibu, kwenye zahanati. Alikuwa kijana Mhehe, Mkatoliki, jina lake Philbert, mwembamba, mpole wa maneno, aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha kupimia damu Iringa. Alikuja na darubini ya kutazamia vijidudu, ameifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Haikumchukua mwezi kujua homa inatoka wapi. Akaja kwetu na kopo la dawa ya unga.

"Shikamoo, Mama Jaha."

"Marahaba. Hilo kopo la nini?"

"La papasi, mama. Wageni wako wana homa ya papasi. Mdudu ana vijidudu mwilini, akinyonya damu anavimwaga. Hata watoto wa papasi wanazaliwa navyo. Tuchimbue sakafu, tutie dawa, wageni walale vitandani."

"Na mimi je? Wananiuma kila siku. Bibie huyu hapa wanamuuma. Mbona hatufi?"

Philbert alifurahi kuulizwa, maskini. "Mwili wako umejifunza, mama. Umeumwa mara nyingi, unajua kupigana. Mgeni mwili wake haujui. Hata wewe ukikaa mbali nao mwaka, miaka miwili, mwili unasahau, unakuwa kama mgeni."

Mama akacheka. "Kumbe hata darubini inasema maneno ya mama mkwe wangu! Nenda, mwanangu. Rudi na kopo lako. Papasi hawa ni wangu."

Akaondoka. Mama alikuwa amesikia nusu ya somo na nusu hiyo aliipenda. Mimi pia niliipenda.

Mwanzoni mwa mwaka 1956 Jaha akaja. Alikuwa ameolewa miaka minne nyuma na Yunusu, fundi cherehani wa Mbeya mjini, katika nyumba ya sakafu ya saruji na kitanda cha chuma. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, miezi saba, na kwetu mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Yunusu hakutaka. Maneno ya Chimala yalishamfikia. Mama alimtumia salamu na dereva: mke ni wako, lakini mwanangu atajifungua mikononi mwangu. Yunusu alimpandisha Jaha lori, akamfungia godoro ili asilale chini.

Godoro lile mama alilikunja siku hiyo hiyo akaliweka juu ya dari.

"Umekaa mno juu ya saruji," alimwambia Jaha, akimshika tumbo. "Damu yako imesahau kwenu. Hata Dresa anasema mwili husahau. Basi tuukumbushe kabla mtoto hajaja."

Akanionyesha kona ya chumba chake mwenyewe, penye ufa mkubwa kuliko zote. Mkeka niliutandika mimi. Ikiwa kuna mtu anataka kumlaumu mama yangu, anianzie mimi hapo.

Siku ya tisa Jaha aliamka anatetemeka mpaka meno yanagongana. Joto likapanda, ukimgusa unaondoa mkono. Kichwa, mgongo, magoti, vyote vinamuuma, anatapika hata maji, na ubavu wa kushoto, mahali pa wengu, hataki kuguswa. Alikuwa akiniita kwa jina la mama na mama kwa jina langu. Philbert alisikia, akaja mbio na vipande vyake vya kioo, akaomba tone moja tu la damu.

"Damu ya mwanangu si ya kupaka vioo," mama akasema. "Inakumbuka. Mwache."

Siku ya nne homa ikamwachia ghafla. Alilowa jasho mpaka mkeka, akalala, akaamka anaomba uji. Mama alipiga vigelegele. Alitoka nje akamwona Philbert barabarani, akampa vidonge vyake mbele ya watu: kasome tena, Dresa, mwanangu amezoea. Philbert alisimama pale na kofia mkononi.

"Mama Jaha," alisema, "homa hii inaondoka na kurudi. Vijidudu vinajificha. Baada ya wiki vitatoka vimebadilika sura, mwili hauvitambui. Naomba damu kabla."

Mama alimgeuzia kisogo.

Ilirudi siku ya nane baada ya kumwachia, mchana, Jaha akichambua mchele uani. Safari hii macho yake yaligeuka manjano, na mtoto tumboni, aliyekuwa akirusha mateke kila asubuhi, alitulia kabisa. Ndipo nilipomwona mama yangu akiogopa. Sikuwahi kuliona jambo hilo hata baba alipokufa. Alikaa chini, mkono shavuni, anatazama ule ufa.

Yunusu alifika siku iliyofuata kwa lori la mpunga. Nyuma yake walikuja majirani, Ikupa akiwa mbele, maana homa sasa imeingia ndani ya nyumba na kila mtu alitaka kuona uchawi ukimrudia mwenyewe.

"Mama, nimekuja kumchukua mke wangu," Yunusu alisema kwa hasira. "Nilikuheshimu. Nilikuletea mtu mzima."

"Kwa barabara ile atakufia njiani," mama akajibu. "Tumlaze kwenye kitanda cha barazani, tumpeleke kwa Dresa. Shika kitanda upande huo, mwanangu. Mimi nitashika huu."

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka zahanati, mji mzima unatufuata. Philbert hakusema "niliwaambia". Angesema, wallahi ningemzaba kibao. Alimchoma Jaha kidole, akapaka damu kwenye kioo, akatazama, halafu akamvutia mama kiti.

"Tazama mwenyewe."

Mama alifumba jicho moja, akainama. Aliniambia baadaye alichokiona: vichembe vya damu vya mviringo, vingi kama mtama, na kati yavyo nyuzi nyembamba zilizojisokota, zinajinyonganyonga, zinavisukuma vichembe huku na huku. Zina uhai.

"Hizi zinatoka wapi?" aliuliza.

"Nipate papasi mmoja wa nyumbani kwako, nikuonyeshe."

Mama hakwenda nyumbani. Alifungua pindo la kanga aliyovaa. Walikuwamo watatu, aliowachukua kwenye ule ufa asubuhi ileile. Alikuwa amepanga, mwanawe akilazimika kuondoka kwenda Mbeya, awatie kwenye mizigo yake wamlinde huko. Philbert alimkata mmoja mguu, akachukua kijitone cha maji ya mwilini mwake, akaweka chini ya darubini. Mama akainama tena. Alikaa pale muda mrefu. Chumba kizima kilimngoja.

"Ni zilezile," alisema. Hakumwambia mtu yeyote hasa.

Philbert alitoa chupa ya penisilini. Kabla ya kuchoma alitugeukia sisi watatu. "Sikilizeni. Saa moja mbili baada ya sindano atazidiwa. Atatetemeka kuliko mwanzo. Vijidudu vinakufa kwa pamoja, mwili unashtuka. Msikimbie, msimwondoe. Itapita."

Ikawa hivyo. Jaha alitetemeka mpaka kitanda kikasogea, macho yakageuka juu. Watu mlangoni wakaanza kupiga kelele kwamba Dresa amemuua, na Yunusu alimkamata Philbert shati. Mama, aliyekuwa amemtimua kijana huyo barabarani siku tisa tu nyuma, aliingia kati yao akamsukuma mkwewe kifuani, jambo ambalo kwa mila zetu ni aibu tupu.

"Ametuambia kabla!" alifoka. "Mimi aliniambia mara mbili sikusikia. Ya tatu nasikia. Toa mkono!"

Baada ya saa ya alasiri Jaha akatulia. Kesho yake joto lilikuwa limekwisha, na halikurudi tena. Dada yangu alipona.

Mtoto hakupona. Alizaliwa wiki ile ile, kabla ya wakati wake, wa kiume, mwekundu, mdogo wa kutosha viganja viwili. Alipumua tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Yunusu alimwita Makame, kwa jina la baba yetu, akamwadhinia sikioni, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshamzika. Nililia mpaka nikatapika. Mama hakulia. Alimwosha yeye mwenyewe, polepole, akikataa msaada.

Siku ya tatu ya msiba uani kwetu kulijaa wanawake. Ikupa alikuja pia, na simlaumu kwa kuja. Ninamlaumu kwa mdomo wake. "Sasa amekula na mjukuu," alisema, wala hakushusha sauti.

Mama aliinuka. Yunusu na wanaume wengine walikuwa barazani, na nadhani alitaka nao wasikie.

"Ikupa," alisema, "mchawi anajua anachofanya. Mimi sikujua. Ningekuwa mchawi, mjukuu wangu angekuwa hai."

Akalishika pindo la kanga yake, akaliinua.

"Nililetewa maneno nikachagua yaliyonifurahisha. Papasi niliwaleta mimi, kwa pindo hili, nikidhani nawapa wanangu kinga. Wageni wenu walioumwa, waliumwa na papasi wangu. Hilo ndilo kosa langu na nimelisema mbele yenu. La uchawi silipokei. Na mkitaka nihame Chimala, sihami! Nikihama, wao watabaki kwenye nyufa, na mtu mwingine atamlaza mgeni humo."

Akaingia ndani akachukua jembe. Msiba haujaanuliwa, mikeka ya waombolezaji ingali chini, yeye akaanza kuchimba kona ya chumba chake, ule ufa, bado amevaa kanga za msiba. Philbert alitumwa aje na kopo lake. Nilichukua jembe la pili. Baadaye kidogo nilisikia mtu anachimba chumba cha pili, nikadhani ni Philbert. Alikuwa Yunusu, amevua kanzu.

Kazi ile ilichukua siku kumi na mbili. Tulichimbua vyumba vyote sita na jiko, tukatupa udongo mbali, tukapiga sakafu mpya ya changarawe na udongo na chokaa, tukaziba kila ufa wa ukuta mpaka juu, na kila mahali dawa ya unga. Mikeka yote ilichomwa. Mama aliagiza fundi atengeneze vitanda virefu, vikae mbali na ukuta, kila mguu ndani ya kopo la maji, papasi wasipande. Mgeni aliyetaka kulala chini kwa mazoea alionyeshwa barabara.

Halafu akaanza na mji. Philbert alikuwa na darubini lakini hakuwa na sauti, na mama alikuwa na sauti ya kutosha watu wawili. Walikwenda pamoja nyumba kwa nyumba. Aliingia bila kubisha sana, akapiga magoti, akachokoa ufa kwa kijiti, akamtoa papasi akamweka kiganjani mbele ya mwenye nyumba: huyu ni wako, mimi nilikuwa nao, nimezika. Wengine walimfukuza. Alirudi kesho yake. Kwa Ikupa alirudi mara tano, na mara ya tano Ikupa mwenyewe alishika jembe, akilalamika kwa Kinyakyusa tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu akihama, mama alisimama kando ya lori akiwaambia wanawake, "Fungua pindo, mwanangu, nione." Wapo waliomtukana. Wapo waliofungua, na papasi walikuwamo.

Wageni walirudi kidogo kidogo. Homa ilipungua mpaka Philbert akawa anakaa wiki nzima bila kupaka kioo. Maneno ya uchawi hayakwisha, kwa sababu uchawi ni mtamu kusimulia na sakafu ya chokaa si tamu. Ndiyo sababu ninaandika.

Mwaka wa 1958 Jaha alipata mimba tena. Ilipofika miezi saba Yunusu, kwa adabu zake, alituma barua: kwa kuwa ya kwanza haikukaa, mila inamtaka arudi tena kwa mama, na nyumba ya Chimala sasa wote wanajua ni safi. Mama alinisomesha barua ile mara mbili. Halafu akasema, "Mwandikie asitoke kwake hata hatua moja. Safari hii mama ndiye atakayekwenda."

Shangazi zetu walikuja juu: ni aibu, mama mkwe kwenda kukaa kwa mkwe miezi mitatu. Mama aliwaambia aibu aliyonayo inamtosha, hana nafasi ya nyingine. Tulipanda lori mimi na yeye. Hakubeba mkeka wala blanketi, alibeba nguo zake zilizochemshwa na mfuko mmoja wa mchele.

Tulifika Mbeya mchana, kuna baridi. Jaha alikuwa mlangoni na tumbo lake, Yunusu nyuma yake, wananyoosha mikono kutupokea. Mama alisimama chini ya ngazi. Hakupanda. Aliitoa kanga ya juu, akashika pindo moja, akalikung'uta, akalipekua kwa vidole. La pili, la tatu, la nne. Akafanya vivyo hivyo kwa ile ya chini, barabarani, watu wanapita wanamtazama mwanamke mtu mzima akijikung'uta nguo mwilini. Alipomaliza alimtazama Jaha.

"Sina kitu," alisema, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Makame mdogo, akapanda ngazi.